Mgeni Akikukuta Umelala

Nakumbuka mchana mmoja, mwanangu, tulipokuwa tumepanga Igoma, baba mkwe alitoka Magu bila taarifa akanikuta nimelala kifudifudi sebuleni. Weee! Nilitamani ardhi ipasuke.

Ilikuwa miaka ile biashara zimefunguliwa, kila mtu na mitumba yake. Na mimi niliuza, mpaka nilipoanguka kutoka juu ya marobota kwenye lori, uti wa mgongo ukaumia. Kuanzia kiunoni kwenda chini sikusikia tena kitu. Ndiyo maana kidonda cha kwenye makalio kilinianza kimyakimya. Husikii maumivu, nani atakwambia usogee? Tulisafisha, tukafunga, kikianza kupona kinafumuka upya. Nesi akanieleza wazi: "Usikikalie. Lala kifudifudi, mara nyingine ubavu, mpaka kifunge. Kikifika kwenye mfupa utakufa nacho."

Sasa niambie, nyumba yenye mgonjwa wageni wanaisha? Majirani, wanakwaya, ndugu wa mume. Na kwetu mkwe husalimiwa kwa kupiga magoti. Magoti sikuwa nayo tena, basi nikaona angalau nikae, nijifunge khanga vizuri, nimtazame mtu usoni. Kila hodi namwita mume wangu, Masanja, aniweke kwenye kiti. Mgeni akiondoka, bandeji imelowa. Masanja akilalamika nanuna: "Unataka ndugu zako wanikute nimewapa mgongo?"

Basi siku hiyo nikaanza kuhangaika, namwita Masanja aniinue.

"Shikamoo baba, subiri kidogo nikae..."

"Marahaba. Usikae. Harufu nimeisikia tangu mlangoni. Masanja halali, amekonda, na wewe unaoza ili unipe mimi heshima? Sikuiomba heshima hiyo."

Nililia, sikufichi. Niliona aibu, na hasira pia. Mzee yule, ambaye hata watoto wake walimwogopa, akavua viatu, akakaa chini kwenye mkeka, uso wake usawa wa wangu, akaanza kunipa habari za mvua na mihogo. Tukaongea mpaka chai ikapoa. Aliporudi Magu akawaambia ndugu zake wote: anayekwenda kumsalimia mke wa Masanja, akae mkekani.

Kidonda kilichukua miezi mingi, lakini kilifunga. Baba mkwe alipofariki, nilikwenda kumzika. Nilikaa kwenye kiti changu cha magurudumu, juu ya mto wa sponji, najinyanyua kwa mikono kila baada ya muda mfupi ili ngozi isigandamizwe, nikamlilia kama wakwe wenzangu.

Wewe umeumia uti wa mgongo juzi tu, na nimeona unavyojikaza wageni wakija. Acha. Mtu akuangalie ngozi asubuhi na jioni, au ujitazame kwa kioo. Ukiona mahali pamebadilika rangi na hapairudishi ya kawaida, usipalalie wala usipakalie tena, uende kwa nesi mapema. Usikae kwenye unyevu. Kula dagaa, maharage, yai likipatikana. Na hodi ikipigwa, sema karibu ukiwa umelala hivyo hivyo. Anayekupenda atakaa chini.

Mungu akulindie ngozi yako, mwanangu, na akuletee wageni wenye akili.