Homa ya Kheiria

Kheiria binti Marhoon alifeli mtihani wa kuingilia chuo cha sheria kwa sababu ya adabu. Sehemu ngumu ya mtihani ule ni ya hoja: unapewa maneno ya mtu, useme upesi amekosea wapi, kisha uende kwa mwengine. Kheiria alimsikiliza kila mtu mpaka mwisho, akamfikiria, akamtafutia udhuru. Muda ulipokwisha, wengi alikuwa hajawafikia. Alama zilizokuja zilikuwa za kumpa mtu pole.

Chuo kiliruhusu kurudia mara moja tu. Ukishindwa tena, basi. Na Kheiria, karani wa idara ya sheria katika wizara moja, alikuwa amewapangia mawakili mafaili yao miaka mingi na sasa alitaka na yeye awe na mafaili yake.

Shida ilikuwa wakati. Asubuhi alikuwa kazini, jioni alikuwa barabarani. Nyumbani kwao Sib, Oman, yeye ndiye aliyekuwa na gari na hana mume, na mwanamke wa namna hiyo, kwa mujibu wa ukoo, hana shughuli. Kwa hiyo alimpeleka mama yake, Bi Jawaher, harusini, matangani, kwa aliyejifungua na kwa aliyerudi umra. Alijaribu kusoma kwenye simu harusini, ameificha ndani ya mkoba. Bibi mmoja akamwuliza huyo mchumba anaandika nini kirefu hivyo. Siku moja alithubutu kusema haendi matangani, anasoma.

"Kitabu hakikimbii, mwanangu," mama yake akamwambia. "Maiti anazikwa."

Akaenda.

Basi wiki ya mwisho kabla ya mtihani Kheiria akachukua likizo, akafanya jambo ambalo mtoto wa ukoo ule hakupaswa hata kuliota. Alituma sauti kwenye kundi la familia la WhatsApp: ana homa, atapumzika nyumbani.

Mgonjwa hutazamwa. Hilo halina mjadala. Alasiri haijaisha, viatu vilikuwa vimejaa mlangoni kama vya msikitini. Wa kwanza alikuwa Bi Shinuna, dada mkubwa wa Bi Jawaher, na sufuria la supu ya mbuzi. Baada yake wakaja jamaa wa mtaa wa Ruwi, wakaja na wengine ambao Kheiria alikuwa akiwaona Idi kwa Idi. Alilala amejifunika mpaka kidevuni, kitabu cha mazoezi kikimchoma ubavuni. Kwa mmoja alisema kichwa, kwa mwengine akasahau akasema tumbo, na wageni walipokutana sebuleni kwenye kahawa na halua wakajumlisha. Kesho yake alikuwa anaumwa kichwa, tumbo, mgongo, na kitu ambacho madaktari hawataki kukisema. Bi Shinuna alishauri apelekwe hospitali Bangkok. Binamu mmoja alilia. Supu, kusema kweli, ilikuwa nzuri sana.

Wiki ilikatika hivyo, kitabu hakijafunguliwa. Ikabaki siku moja tu kabla ya mtihani wakati Bi Jawaher alipokuja kubadilisha shuka, akakigusa.

"Homa hii ina kurasa?" aliuliza.

Kheiria akasema kweli yote. Bi Jawaher alisikiliza amesimama, shuka mkononi, na alikasirika kwelikweli.

"Umenifanya niwaongopee watu na birika la kahawa mkononi. Watu wanakuombea dua! Shinuna amekufungia saumu, Kheiria."

"Ningesema nasoma, wasingekuja?"

Bi Jawaher ni mtu wa haki, akiamua.

"Wangekuja," alisema. "Wangekuletea na mchumba."

Alitandika kitanda. Kisha akachukua kiti cha jikoni, akashuka nacho, akakiweka kwenye geti, akakaa. Katika nyumba ile hata msoma mita ya umeme hutoka ameshakunywa kahawa. Mgeni hakuwahi kurudishwa tangu ijengwe.

Kheiria alikuwa dirishani Bi Shinuna alipofika na sufuria.

"Kheiria haumwi, dada," Bi Jawaher alisema. "Katuongopea, na mimi nnakuomba radhi kwa ajili yake. Ana mtihani kesho. Leo sipokei mgeni."

"Mimi mgeni?"

"Leo, ndiyo."

"Unanirudisha mlangoni, Jawaher? Mimi?"

"Nnakurudisha, dada."

Bi Shinuna akageuka na sufuria lake. Kheiria moyo ulimuuma, akataka ashuke amkimbilie. Badala yake alikaa, akafungua kitabu, na kwa mara ya kwanza akamkatiza mtu katikati ya hoja yake na kumwambia umekosea. Akaenda kwa wa pili. Alisoma kwa hasira mpaka adhana ya magharibi.

Matokeo yalichukua wiki kadhaa. Muda wote huo Bi Shinuna hakupiga simu wala hakukanyaga. Kheiria alijitolea kumpeleka mama yake wakaombe radhi, tena na tena. "Bado," alijibiwa kila mara, mpaka akaamua moyoni kuwa mama yake ana kiburi.

"Nimefaulu, mama," alisema siku yalipotoka.

"Vizuri?"

"Vizuri sana."

Bi Jawaher hakupiga kigelegele. Alikwenda akavaa abaya.

"Nipeleke kwa Shinuna."

Njiani Kheiria hakuweza kujizuia. "Mbona hukutaka kwenda siku zote hizi?"

"Nikamwambie nini? Kuwa nimemrudisha mlangoni, na mtoto mwenyewe kafeli?" Bi Jawaher alitazama barabara. "Nimekuombea sana ufaulu, mwanangu, lakini si kwa ajili yako tu. Nna dada mmoja."