Mpagazi Aliyepanga Maji ya Watu Wawili

Jumamosi saa tisa alasiri, kabla ya wengine kufika, dada yangu mkubwa huondoa vitambaa vya kufuma kwenye meza ya mama. Huvikunja na kuvipanga juu ya redio, kisha hupangusa meza ingawa haina vumbi. Kwenye pembe moja kuna alama nyeusi ya sufuria iliyowekwa ikiwa moto miaka mingi iliyopita. Siku hizi alama hiyo tunaiita ziwa, kwa sababu kwenye mchezo wetu ndipo ziwa lilipo.

Mchezo wenyewe niliujulia kazini. Mimi ni karani wa kumbukumbu. Hukaa kwenye mikutano ya watu wengine, nikaandika nani kasema nini na nini kiliamuliwa. Wenzangu wa idara ya kompyuta walikuwa wakiucheza saa ya chakula, nami nikazoea kuvuta kiti karibu. Mmoja wao huwa msimulizi. Atasema: mmefika mlangoni mwa pango, ndani mnasikia kitu kinapumua. Wengine kila mmoja ana nafasi yake katika kundi, mlinzi, mpelelezi, tabibu, naye husema atafanya nini. Dadu yenye pande ishirini huamua kama atafaulu. Hakuna mshindi. Kundi lote linafika, au halifiki.

Niliuleta nyumbani, mtaa wa Jericho, Nairobi, kwa sababu ya dada. Mapema mwaka huu alipimwa presha kwenye kliniki iliyo karibu nasi, ikawa mia na sabini kwa mia na tano. Alipewa vidonge vya kumeza kila asubuhi, akaambiwa apunguze chumvi, atembee, na arudi baada ya miezi mitatu. Mama yetu alianguka kwa kiharusi katika nyumba hii hii, kati ya meza na mlango wa jikoni, akiwa na miaka hamsini na tatu. Dada anafikisha hamsini na tatu mwaka huu. Hatukulizungumza hilo. Aliibandika kadi ya kliniki ndani ya mlango wa kabati, na kila nilipofungua kutafuta majani ya chai niliisoma ile tarehe ya kurudi.

Dada ni mpishi wa shule. Akitazama mstari wa watoto atakwambia sufuria itamfikia yupi wa mwisho, na huwa hakosei. Mtu wa namna hiyo haambiwi la kufanya. Nilipomshauri awe anatembea asubuhi, aliniuliza kama uji wa watoto mia tatu unajikoroga wenyewe. Ndipo nikaufikiria mchezo.

Niliwaalika wawili. Wa kwanza ni jirani yetu wa mlango wa tatu, dereva mstaafu wa malori ya taka, ambaye naye ana presha na humeza vidonge vilevile vya dada. Wa pili ni fundi wa kuchonga vinyago, mtu wa Ukambani anayekaa Umoja na kufanya kazi kwenye karakana moja Pumwani. Yeye shida yake ilikuwa mgongo na usingizi. Usiku alikuwa akikesha na simu, mchana akikaa kwenye kigoda mpaka miguu inakufa ganzi.

Msimulizi nilikuwa mimi, na sheria niliyoweka ilikuwa moja: nafasi yako mchezoni ndiyo kazi yako ya afya wiki nzima. Dereva alichagua kuwa mpelelezi, yule anayetangulia kuangalia njia, kwa hiyo kazi yake ikawa kutembea kila asubuhi mpaka barabara ya Outer Ring na kurudi. Fundi akawa mlinzi. Angelinda usingizi wake: simu kabatini saa tatu, na kuinuka kigodani kila saa. Kila siku uliyotimiza ilikupa alama moja ya nguvu, na nguvu hizo ulizitumia Jumamosi mezani.

"Mimi upanga sitaki," dada alisema zamu yake ilipofika. "Na mambo ya uchawi usiniletee. Mimi ni mtu wa kanisa."

"Kuwa tabibu basi," nikamwambia.

"Tabibu anangoja watu waumie. Hebu niambie, chakula kimebebwa na nani?"

Tulitazamana. Hakuna aliyekuwa amefikiria chakula.

"Safari ya siku kumi, hakuna hata kibuyu cha maji! Nyinyi ni wanaume kweli."

"Madam mpishi ametushika," dereva akasema.

Akawa mpagazi. Kazi yake, tulikubaliana, ni kuhakikisha kundi lina kila kinachohitajika. Wiki iliyofuata fundi alileta watu watatu wa mbao ya mjakaranda, kila mmoja urefu wa kidole gumba. Mpagazi alikuwa na mzigo mgongoni uliomzidi kimo. Alileta pia dadu aliyoichonga mwenyewe, pande zote ishirini, na ilipendeza sana ila kila mara iliangukia saba.

"Fundi, hii dadu yako ina ugonjwa," dereva alisema baada ya saba ya nne.

"Haina ugonjwa. Ina msimamo."

Tukarudi kwenye dadu ya plastiki. Ile ya mbao iko kwenye dirisha mpaka leo.

Kila kikao kilianza na taarifa, nami niliandika kwenye daftari kubwa jeusi kama ninavyoandika kazini. Dereva ametembea siku tano. Fundi amelala mapema siku nne, siku ya tano kulikuwa na mpira. Dada alikuwa na neno moja tu: "Mzigo umefika." Na kweli ulifika. Saa kumi na moja na nusu alfajiri alikuwa amempigia dereva simu aamke. Saa tatu usiku alikuwa amemtumia fundi ujumbe aweke simu kabatini. Alinifungia mimi njugu na ndizi za kazini. Nilimpa alama saba kati ya saba, wiki baada ya wiki. Baada ya taarifa alituletea chai, vikombe vitatu kwenye sinia, tukaanza kucheza.

Jumamosi ya saba kundi lilipaswa kuvuka nchi kavu. Nilieleza taratibu: siku tatu, hakuna mto, kila mtu anahitaji sehemu moja ya maji kwa siku. Maji yetu ni vifuniko vya soda. Mpagazi alihesabu vyake kutoka kwenye kopo na kuvipanga mezani.

Vilikuwa sita.

"Watu watatu, siku tatu," nikasema.

"Sita," dada akajibu. "Hawa wawili, mara tatu."

"Na wewe?"

"Mimi nini?"

"Wewe unakunywa nini, dada?" fundi akauliza. Alikuwa anacheka, akidhani ni hila ya mchezo.

Dada alivitazama vifuniko. Akavihesabu tena kwa ncha ya kidole, mwanamke anayekadiria vinywa mia tatu kwa macho. "Mpagazi si anakunywa kinachobaki," alisema hatimaye, bila mzaha, kama mtu anayeeleza jambo linalojulikana.

Nyumbani kwetu ndivyo ilivyokuwa. Mama alipakua, na aliyepakua alikula kilichobaki chini ya sufuria. Mama alipokufa mwiko ulichukuliwa na dada, akiwa na miaka kumi na tisa, na desturi ile akaichukua pamoja na mwiko. Mimi nilikuwa na kumi na mmoja. Nimekula sahani za dada tangu wakati huo bila kujiuliza yake iko wapi.

Nikatazama sinia. Vikombe vitatu: cha dereva, cha fundi, changu. Jumamosi saba, watu wanne, vikombe vitatu. Kazi yangu ni kuona, na sikuwa nimeona.

Nilifungua daftari nyuma mpaka ukurasa wa kwanza nikasoma safu yake kwa sauti. Amempigia dereva simu. Amemkumbusha fundi. Amemfungia mdogo wake chakula. Hapakuwa na siku hata moja iliyosema ametembea. Hapakuwa na siku iliyosema amemeza dawa. Na mkono uliompa alama saba kati ya saba ulikuwa wangu.

"Vidonge unameza?" nikamuuliza.

"Nameza."

"Kila siku?"

Alianza kukusanya vikombe. Dereva akatoa kofia, akaiweka magotini.

"Niseme mimi," alisema. "Zangu ziliisha mwezi uliopita. Kliniki ikaniambia dawa hakuna, nirudi wiki ijayo, na wiki ijayo ikawa ileile. Madam akasema tugawane zake. Leo yeye, kesho mimi."

"Mpaka lini?" fundi akauliza. Hakuwa akicheka tena.

"Mpaka leo."

"Na duka la dawa?"

"Nimwambie binti yangu tena kwamba naumwa? Ana watoto wake."

"Kwa hiyo ukamwambia mpishi."

"Sikumwambia! Aliona pakiti tupu. Huyu haoni pakiti tupu akanyamaza."

"Alikuwa anapauka," dada akasema kutoka mlangoni mwa jikoni. Alikuwa amesimama pale pale alipoangukia mama. Sikutaka kupaona mahali hapo, lakini nilipaona. "Mngetaka nifanye nini? Nimtazame?"

Hatukugombana. Dereva alitoka nje akampigia binti yake, na kupitia dirishani tulimsikia akikaripiwa kwa muda mrefu, akijibu "ndiyo, mama, ndiyo." Alirudi amekuwa mwepesi kidogo. Jioni ile ile binti alimletea vidonge vyake mwenyewe. Jumatatu nilimsindikiza dada kliniki kabla ya tarehe yake. Muuguzi hakumpigia kelele. Alimwambia kidonge cha kuruka siku ni sawa na kuezeka nusu ya paa, akampa vingine, na akasema tarehe ya kwenye kadi haibadiliki. Zilikuwa zimebaki wiki tano.

Jumamosi iliyofuata fundi alifungua kikao kwa utaratibu wa chama cha akiba, kwa sababu sisi sote tumekulia kwenye vyama na hatujui njia nyingine ya kumshinda mtu bila kumkosea heshima.

"Napendekeza mpagazi na mpelelezi wabadilishane nafasi."

"Naunga mkono," dereva akasema upesi.

"Mimi sijakubali," dada akasema.

"Karani, andika kwamba imepita."

Niliandika. Mpelelezi hutangulia, na hiyo ndiyo ikawa kazi ya dada: atangulie. Ameze dawa kabla ya kumpigia mtu simu. Atembee kwanza. Ajipakulie kwanza. La mwisho lilimshinda kabisa. Kulikuwa na siku alijaza sahani yake, akaifunika, akasimama kando mpaka sisi tumalize. Aliniripotia mwenyewe, na nikamnyima alama.

"We mtoto una roho mbaya," aliniambia.

"Nimejifunza kwa mpelelezi."

Lakini alitembea. Fundi alimchongea mpelelezi mpya mwenye leso kichwani na mikono mitupu, na dada akawa anamweka juu ya kabati, mbele ya kadi.

Siku ya kliniki alitukataza kuingia naye. Tulikaa watatu kwenye benchi la nje, mimi na daftari ambalo sikuwa na haja nalo. Alikaa ndani muda ambao dereva alisema ni wa kawaida, kisha akasema si wa kawaida. Dada alipotoka alimpa fundi mkoba wake ashike, jambo ambalo nilikuwa sijawahi kumwona akilifanya, akafunga vizuri leso yake.

"Mia na thelathini na nane kwa themanini na nane," alisema. "Amesema bado. Lakini amesema niendelee hivyo hivyo."

Dereva aliishika kofia yake kwa mikono miwili.

Jumamosi iliyopita tulianza safari nyingine, siku mbili jangwani. Mpagazi wetu mpya alihesabu vifuniko polepole, midomo ikichezacheza, akavisukuma mezani. Vilikuwa saba.

"Watu watatu, siku mbili, ni sita," dada akamwambia. "Hesabu za lori hizo?"

"Sita ni zetu."

"Na hicho?"

"Ni cha kuongeza. Mpelelezi akitaka."

Dada alitaka kukirudisha koponi. Mkono ulifika nusu ya njia. Kisha akakivuta upande wake, akakiweka karibu na ziwa, na akaniambia niache kuandika nirushe dadu.