Balozi wa Nyumba Kumi wa Fisksätra

Deusdedit alipenda utaratibu kama mtoto apendavyo sukari. Kabla ya kuja Stockholm kujifunza ufundi wa vyuma, alikuwa balozi wa nyumba kumi huko Bukoba, na hakuna mgeni aliyelala kwenye nyumba zake akanawa uso kabla balozi hajajua ametoka wapi.

Mwaka 1974, akiwa sasa fundi wa kiwandani na mpangaji wa ghorofa ya Fisksätra, pembeni mwa Stockholm, alijiunga na darasa la jioni la historia ya kale. Akawapenda watu wa kale mara moja. Wachina wa dola ya Qin walifungamanisha familia tano tano na kumi kumi. Mmoja akikosa na majirani wakanyamaza, wote walikiona cha moto, hata upanga. Warumi nao waliwaita raia waje kuapa wana watoto wangapi na mali gani, na aliyemchongea mwenzake aliweza kuondoka na robo ya mali ya huyo mwenzake. Deusdedit alimsimulia mkewe, Adelina, kwa huruma nyingi. Maskini watu wale, kuishi wakichunguzana.

"Na wewe Bukoba ulikuwa ukifanya nini?"

"Yale yalikuwa maendeleo."

Siku hizo sebuleni kwao alikuwa akilala Gervas, kaka yake Adelina. Alikuwa ameacha chuo, kibali kimekwisha, anaosha vyombo kwenye mkahawa mmoja mjini. Ombi lake lilikuwa dogo: asitajwe popote mpaka chuo kingine kimpokee, aombe kibali upya. Akikamatwa kabla ya hapo, angerudi nyumbani mikono mitupu.

Sasa huko Sweden rejista ya wakazi ilitunzwa na kanisa. Serikali na mchungaji meza moja: Deusdedit aliona hii ndiyo nchi. Lakini dhamiri ilimsumbua. Mgeni amekaa wiki kadhaa na hajatambulishwa kwa mkubwa wa mahali? Huo ni ushenzi. Tena mchungaji si polisi. Asubuhi moja akavaa tai, akabeba kichane cha ndizi, akaenda ofisi ya usharika kumtambulisha shemeji yake. Mchungaji alifurahi sana, akaomba atajiwe jina herufi kwa herufi.

Polisi waliokuja walikuwa vijana wapole wawili; walivua viatu mlangoni. Adelina aliwapa kahawa, wakanywa, wakashukuru, kisha wakamwomba Gervas afungashe. Mchina alihitaji upanga, Mrumi alihitaji robo ya mali. Deusdedit alifanya bure, na ndizi akatoa yeye.

Alinong'ona kwamba yule mchungaji alikuwa mtumishi wa Mungu.

"Nimeona, shemeji," Gervas alisema, akifunga sanduku. "Baraka zake zinanifikisha hadi uwanja wa ndege."

Walipoondoka, Adelina alikusanya vikombe, akaingia chumbani. Alitoka na mto wa mumewe, akautupa juu ya godoro la sebuleni.

"Hapa pako, Balozi. Kuna mgeni mpya analala sebuleni. Kesho uwahi kuripoti."

Akafunga mlango wa chumba kwa ufunguo.