Makaburi Yaliyouzwa kwa Kilo

Nilifika uani, mnunuzi wa karatasi chakavu ameshapanda guta lake. Chini ya maboksi yaliyokanyagwa niliona ncha ya karatasi ya miraba, ile wanayochorea makaburi. Nikamkimbilia namwita laoban, bosi, ngoja. Hakugeuka. Nilikuwa nimetoka mahabusu asubuhi ile, miguu imevimba, na Guangzhou haimsubiri mtu.

Karatasi hazikuwa zangu. Zilikuwa za dada mmoja wa kwetu, mhadhiri, aliyekuja China kwa ufadhili kusomea makaburi ya wafugaji wa farasi waliohamahama nyika za kaskazini, miaka mia saba mia nane iliyopita. Majira mawili ya joto alipiga magoti kwenye vumbi kule, anachimba na kuchora. Sisi wafanyabiashara wa nguo tulimwita Mama Makaburi.

"Mama Makaburi, safari hii umemfukua nani?"

"Bibi mmoja. Kazikwa na kichwa cha farasi wake na kwato nne, na mfupa wa mguu wa kondoo kasimamishiwa kichwani."

"Afadhali yake, kafungashiwa na chakula cha njiani."

"Wewe dada, tukuzike na nini?"

"Robota la jinzi za viwanda vya Xintang. Huko nako watu wanavaa."

Mimi niliishia darasa la saba, lakini jambo moja alinielewesha. Kaburi ukishatoa mifupa, limekwisha. Ndiyo maana hawanyanyui kitu kabla ya kuchora: alilalia ubavu upi, tandiko lilikaa wapi. Mifupa inakwenda stoo ya chuo kwenye mifuko yenye namba, na bila mchoro namba hizo hazisemi kitu. Nakala za michoro hakuwa nazo, alikuwa bado anaimalizia kwa wino.

Masika yale kuta za bweni lao zilitoka maji, karatasi zikaanza kuota ukungu. Mimi ndiye niliyemwambia azilete kwangu. Nikazifungia kwenye maboksi mawili ya jinzi. Hilo ni langu, silikatai.

Yeye akarudi kaskazini kuchimba, huku nyuma ukaja msako wa viza. Yangu ilikuwa imepita muda. Nilipokamatwa ngazini nilimpa ufunguo wa chumba wakala wetu wa mizigo, Mtanzania mwenzangu, tulikuwa tunasali pamoja.

"Kaka, yenye kamba nyekundu si nguo. Ni kazi ya Mama Makaburi. Ukitoa vitu, anza na hayo."

"Dada, wewe hesabu yameshatoka."

Alitoa jinzi zangu zote, na baadaye zilifika Dar salama. Kisha, yale maboksi mawili yakiwa bado ndani, akamkabidhi ufunguo mwenye nyumba, aliyekuwa anaogopa polisi na anataka chumba kiwe kitupu. Mwenye nyumba aliniambia bila aibu: mwenzako alisema yaliyobaki mei yong, hayana kazi. Akaita mwenye guta.

Mama Makaburi alirudi siku moja kabla sijaondoka China. Hakunigombeza. Aliuliza tu, "Yote?" Nikamwambia yote. Akakaa juu ya ndoo, hakuvua hata begi mgongoni.

Yule bibi wa farasi sasa ni mfuko mmoja kati ya mifuko, hakuna ajuaye upi. Ufadhili ulikatwa, shahada hakuipata.

Mwenye nyumba yuko mbali, simfikii. Wakala ana ofisi Kariakoo na kiti cha mbele kanisani, kila Jumapili namwona kisogo. Sitaki aniombe radhi mimi. Aende kwa yule dada, amtazame usoni, amjibu: kwa nini ulibeba suruali ukaacha watu?