Balanse ya Kavira Haitoki Hapa

Sitaitoa. Nilisema vile siku ya kuondoa matanga, na mpaka leo nasema vile.

Kavira Hélène alikuwa muke yangu. Alikuja Bunia toka Butembo, kijana bado, na balanse yake ndogo ya kupima zahabu. Vita ikafunga barabara za migodi, wenzake wa zahabu wakarudi kwao. Yeye akakatala. Akauza vikwembe vyake vya kuvaa, tukanunua bunduki ya upepo, tukafungua fasi ya kulenga shabaha kando ya soko. Mutu analipa, anapiga vifuniko vya bia mu ubao.

Watu wakasema, "Mwanamuke na bunduki, mu Ituri hii ya vita?"

"Yangu inaua vifuniko tu," akawajibu. "Yenu je?"

Mwanzoni bunduki ilitupa ovyo. Wateja wakafoka, "Papa, umepinda bomba ya bunduki, unatuiba!" Bomba ilikuwa sawa. Kavira akamwaga kopo ya risasi mu meza, akapima moja moja. Kopo ni moja, lakini ingine nzito, ingine nyepesi. Nzito inashuka, nyepesi inapanda. Kisha kichwa ya risasi. Mufuaji wa pete alimutobolea kibati tundu kadiri ya bomba. Kichwa ndogo inapita bila kugusa: hiyo itayumba. Kubwa inakwama: hiyo itatoka bila nguvu. Ile inashika kidogo tu, ndiyo anapima. Za uzito moja anaweka mu kikombe moja.

Mvua hii iliyopita, homa ikamuchukua.

Ndugu yake Katsuva ananunua zahabu kule Mambasa. Matanga ilipoisha, akanyoosha mukono.

"Shemeji, balanse ni ya famille, ya jamaa yetu. Weye unapimia nini? Plombo ya risasi?"

"Plombo, ndiyo. Njoo uone. Chagua risasi mwenyewe."

Akachagua kama mutu wa zahabu: nzito kupita zote. Vichwa hakuangalia. Akaegemeza bunduki mu meza, akapiga. Moja chini, moja kuume, moja nje ya ubao.

Mama Bijou, jirani yetu, akacheka. "Katsuva, unalenga mpaka kijiji ya Bogoro?"

"Bunduki yenu imelewa!"

Nikaleta kikombe ya Kavira. Binti yetu Brigitte akanishika mukono.

"Papa, acha. Ni za mwisho mama alichagua."

"Ndiyo hizo zitasema."

Nikamupa Katsuva, si mimi nilipiga. Akapiga mpaka kikombe ikabaki tupu. Kifuniko hakugusa. Lakini matundu yote yalikamatana kwa kushoto, kidole gumba ingefunika.

"Kwenda kushoto ni mukono yako," nikamwambia. "Kukaa pamoja ni Kavira."

Akaweka kidole gumba juu ya matundu. "Hata hivi, ni ya famille."

"Famille ni mimi."

Akashika balanse. Nikaweka mukono yangu juu ya yake, nikaegemea na uzito wangu wote. Brigitte akaweka yake juu ya yangu. Katsuva akatukana kwa Kinande, akavuta mukono, akaenda.

Kesho yake nikafungua kopo mupya, nikakaa fasi ya Kavira. Wapita njia wanasema muzee hana haya, kaburi haijakauka, yeye anafungua michezo. Waseme. Naweka risasi moja mu balanse, balanse inayumba. Nangoja itulie. Nachukua ingine.

Mwenye kutaka kupiga, aje.