Uso Uliokuwa Chini ya Unene

Mimi nilikuwa mnene, na sitaki mtu anipambie neno. Si "mwenye mwili", si "mama wa afya". Mnene. Mizani ya kituo cha afya ilifika mwisho ikagoma, muuguzi akacheka, nikamwambia acheke tu, kucheka ni bure. Nikaenda kujipima kazini. Nafanya kazi katika ghala la maharage kule Zone Industrielle, mtaa wa viwanda wa Bujumbura, na mizani ya magunia haina haya, inakuambia ukweli mbele ya wapakiaji wote.

Sikuamka siku moja nikataka kupendeza, la. Nilikuwa na kidonda kwenye kidole gumba cha mguu wa kushoto, kidogo tu, ukubwa wa punje ya harage, na miezi minne kilikuwa hakifungi. Daktari akaniambia waziwazi: sukari isiposhuka, na uzito usiposhuka nayo, mguu huu tutaukata. Alisema "tutaukata" huku anatafuta kifuniko cha kalamu yake. Niliogopa hata nikatoka bila kuaga.

Kizuizi kilikuwa nyumbani, Mutanga Nord, nacho ni mama yangu mzazi. Mama anaishi nami na jikoni ni kwake. Kwa mama, neno "nimeshiba" halijawahi kufanya kazi. Ukisema umeshiba, anaongeza. Ukifunika sahani kwa mkono, anasubiri uchoke. Bugali, sombe la majani ya muhogo lililoelea mawese, ndizi, maharage, na juu ya hayo viazi. Wageni wametoka kwetu wameshika matumbo. Mimi nilikulia hapo, na majirani walikuwa wakimpongeza mama: "Mutoto wako amenona, Mungu asifiwe!" Naye anainua kidevu kabisa.

Basi nikaanza kujipikia mboga zangu za lengalenga, nusu sahani, na kila jioni napanda kwa miguu hadi mtaa wa Gihosha na kushuka kabla giza halijaingia. Mama alikasirika. "Nani amekudanganya unene ni ugonjwa? Ugonjwa ni njaa, we!" Nikamjibu vibaya, nakiri. Nikamwambia, "Mama, unataka nife nikiwa nimeshiba?" Alitoka jikoni, akaacha sufuria motoni. Nilidhani amenuna tu.

Kilo zikaanza kuondoka. Zilipotimia ishirini na tano, wapakiaji walinionyesha gunia la kilo hizo, wakasema tazama ulichokuwa unabeba bure. Tulicheka. Zilipozidi hapo, wakaacha kucheka. Majirani wakaanza kuniuliza kwa sauti ya chini kama nimepima damu. Mmoja alikuja na Biblia kuniombea, nikamwambia aanze na mume wake.

Hayo nilikuwa nimeyatarajia. Sikutarajia yaliyotokea sokoni.

Kuna bibi anayeuza ndagala, dagaa wa ziwani, alikuwa jirani yetu katika mtaa wa zamani, kabla ya vita. Sikuwa nimemwona karibu mwaka mzima. Nikasimama mbele yake mchana kweupe, nikamwomba kikombe kimoja. Akainua macho. Kikombe kikamponyoka, dagaa wakamwagika mavumbini, wala hakuinama kuwaokota.

"We si tulikuzika?" akasema.

Nikacheka. Yeye hakucheka. Nikamnyooshea pesa, akarudisha mikono yake nyuma. "Apana, apana. Nenda nazo, mama. Nenda na amani." Watu walikuwa wanatutazama. Niliondoka bila dagaa, na mgongo wangu wote ulikuwa umeingia baridi, jua la Bujumbura lile.

Nilikuwa na dada mkubwa. Alikufa miaka ya vita, wakati njia za milimani zilifungwa na chakula kikawa hakishuki mjini. Mimi nilikuwa mdogo wa kubebwa, naye ndiye aliyenibeba. Picha zote ziliungua na nyumba. Ninakumbuka mgongo wake na harufu ya kitenge chake, lakini uso siujui. Nilichosikia ni kwamba njaa ilimzeesha, kwamba hakuwa ametimiza miaka ishirini, ila usoni ungesema mama wa watoto wanne. Umri huo wa mama wa watoto wanne ndio wangu sasa.

Nilipofika nyumbani niliingia chumbani, nikachukua kioo. Kulikuwa na mifupa miwili ya mashavu ambayo sijawahi kuonana nayo, na macho yamerudi ndani. Nilimtazama yule wa kwenye kioo kwa muda mrefu. Naye alinitazama, na nilihisi kwamba yeye ananifahamu. Nikakigeuza kioo kikaelekea ukutani. Yampayinka, Mungu wangu, niliogopa chumbani mwangu mwenyewe, saa saba mchana!

Hapo nikaanza kuyaelewa ya mama. Kwa wiki kadhaa alikuwa hanitazami usoni. Sahani ananipa akiangalia sakafu. Kioo cha sebuleni alikifunika kitambaa, akasema ni vumbi. Jikoni alikuwa anaongea polepole na mtu, nikiingia ananyamaza. Siku moja nilisimama mlangoni mwa jikoni bila kukohoa. Alikuwa amenipa mgongo, anachambua maharage, akasema, "Usisimame hapo mlangoni, mukubwa. Ingia ukae." Mimi sijawahi kuwa mkubwa wa mtu. Mimi ni kitinda mimba.

Nitasema ukweli hata kama unaniaibisha. Niliamua kurudi kwenye unene. Nilitaka kumfunika yule, arudi alikotoka, mama anitazame mimi. Siku nne nilikula kila kilichoongezwa, na mama aliongeza bila kuinua macho. Siku ya tano soksi iliganda kwenye kidonda. Nilipoivuta ilitoka na usaha, na harufu yake ilinifanya nilie. Nikajua lazima nichague mguu au mama, na kwamba siwezi kuchagua.

Jumapili iliyofuata, baada ya misa, mvua ilikuwa inanyesha milimani na mji mzima umekuwa wa kijivu. Nilikuwa nimekaa sebuleni, mguu juu ya kigoda. Mama akaingia na sahani. Juu yake kiazi kitamu kimoja cha kuchoma, amekifuta majivu vizuri. Kimoja tu. Mama hajawahi kuleta kitu kimoja.

Akaketi mbele yangu, na kwa mara ya kwanza tangu kilo zianze kuondoka, akanitazama usoni.

"Mi nilijua unadanganya," akasema. Sauti haikuwa ile ninayoijua, ilikuwa ya mama kijana. "Kila jioni unasema umeshiba. Unasukuma sahani yako kwa mudogo. Nilijua hujashiba, mutoto wangu. Nikanyamaza, kwa sababu mudogo alikuwa analia na we ulikuwa hulii." Akaisogeza sahani. "Kula hiki. Usimupe mutu."

Nilitaka kusema mama, ni mimi, ni yule mdogo, mimi ndiye niliyekula. Kumbe chakula chote nilichoongezwa maisha yangu yote kilikuwa kinapelekwa kwa mtu mwingine, na kilikuwa hakifiki.

Nikakichukua kiazi. Sukari na ipande ikitaka! Nilikula taratibu, hadi ganda, na mama alikifuata kila kipande kwa macho mpaka kinashuka kooni. Kilipokwisha nikamwonyesha mikono mitupu.

"Nimeshiba, mama."

"Kweli?"

"Kweli."

Sijui ni nani aliyejibu, mimi au dada, maana sauti ilitoka kabla sijafikiri. Nikangoja mkono wake uende kwenye sufuria, ndivyo ulivyoenda siku zote. Haukwenda. Aliifuta sahani kwa kiganja, akainuka, akaenda kuiosha. Nilisikia maji, nikasikia sahani ikiwekwa kabatini.

Aliporudi aliondoa kitambaa kwenye kioo, akakikunja. Halafu akainama, akaushika mguu wangu wa kushoto kwa mikono miwili yenye maji.

"Na kidonda hiki," akasema kwa sauti yake ya kila siku, "dokta anasemaje?"

Alikuwa hajawahi kuniuliza.