Kioo Chekundu cha Kanisani

Watu wakizisifia picha zangu za zamani huwa nanyamaza, nao hudhani ni unyenyekevu. Si unyenyekevu, ni aibu. Nilikuwa kijana wa studio pale Singida mjini, miaka ile ya Ujamaa, na kazi iliyotulisha ilikuwa picha za vitambulisho na za maharusi waliokaa wima kama wanasubiri hukumu. Hizo nilizidharau. Nilichotaka ni majengo, na majengo yenyewe sikuyataka yalivyo. Mvua ikikatika nilikimbilia madimbwi nikapige mnara wa msikiti ukiwa kichwa chini. Asubuhi isiyo na upepo nilishuka ziwa Kindai nikapige paa la misheni likiwa majini, katikati ya mawe. Vioo vya maduka ya barabara kuu nilivijua kimoja kimoja, kipi kinaonyesha boma la serikali saa tatu, kipi kinalivuta likawa refu kupita kiasi. Mzee mwenye studio, mtu wa asili ya Pwani, alinicheka. "Nyumba iko mbele yako bwana, wewe unaizungukia ya nini?"

Kanisani kulikuwa na dirisha la vioo vya rangi. Mtunza kanisa aliniruhusu nipande kwenye benchi, nikapiga soko na mabati yake kupitia kwenye vioo vile. Filamu ilikuwa ya nyeusi na nyeupe, kwa hiyo rangi zenyewe sikuzipata. Nilichojifunza ni jinsi kila rangi inavyogeuza kilicho mbele yake. Siku moja jiwe la manati lilivunja kona ya dirisha. Nikaomba kipande chekundu, nikakisugua kingo kwenye saruji, nikawa nakiweka mbele ya lenzi. Anga likatoka jeusi tii. Ngozi zetu zikang'aa, kila mkunjo wa uso ukaonekana. Na kitu chekundu kikatoka cheupe.

Aliyenilea ni dada yangu. Mama alifariki nikiwa natambaa, dada akanibeba mgongoni huku wenzake wakienda shule. Wakati ninaousema alikuwa mjane wa watoto watatu, amehamishwa pamoja na wengine kutoka kwenye tembe la mumewe hadi kijiji kipya, nyumba zimepangwa mstari. Mvua zilikuwa haba mwaka ule. Walikuwa wanakula unga wa njano wa msaada, na mwenyekiti wa kijiji alikuwa na sheria moja asiyoipindisha: asiyefika shamba la kijiji bila sababu ya kweli, jina linatoka kwenye orodha ya unga mpaka mavuno. Mjane wa watoto watatu akitolewa kwenye orodha ile, atawalisha nini?

Siku ya kufunguliwa ofisi mpya mjini, afisa utamaduni aliniagiza nipige jengo. Lilikuwa na madirisha makubwa ya vioo, na ng'ambo ya barabara duka la ushirika lilikuwa limeshusha sabuni baada ya miezi mingi. Foleni ilifika mpaka kona. Nikasogea upande, nikaweka kioo changu chekundu, foleni yote ikaingia dirishani, watu wakaonekana wamesimama ndani ya ofisi kana kwamba ni yao. Katikati yao nikamwona dada. Nilimtambua papo hapo. Alikuwa ameinamisha uso, nami nikasubiri, kidole tayari, mpaka alipouinua. Bila uso ule nisingekuwa na picha. Nilipomaliza nikavuka nikamsalimie, alikuwa ameshapata mche wake wa sabuni na kuwahi lori. Sikujua kwamba kijijini alituma salamu kuwa mtoto ana homa.

Afisa aliipenda picha ile mpaka akaniita msanii. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na mimi nilisifiwa wiki nzima. Picha ikakuzwa, ikaungwa na nyingine, nikatumwa kuzizungusha vijijini watu waone maendeleo ya mji wao. Kijijini kwa dada niliitundika mwenyewe, darasani, karibu na ubao. Nilidhani atafurahi.

Mwenyekiti aliitazama kwa muda mrefu. Aliweka kidole kwenye dirisha, akatuma watu wamwite dada, na darasa likajaa.

"Siku ofisi hii inafunguliwa sisi tulikuwa tunapalilia mtama," alisema. "Wewe ulituma salamu kwamba mtoto anaumwa. Huyu kwenye kioo ni nani?"

Dada alimjibu kwa Kinyaturu, taratibu, bila kutetemeka. Alisema sura za watu hufanana. Alisema mwanamke yule amevaa kanga nyeupe, na yeye tangu afiwe ana kanga moja tu, hii nyekundu aliyojifunga, na hakuna asiyeijua. Wanawake wakaitikia. Bibi mmoja akasema ni kweli, hata kanisani huja na hiyo hiyo. Mwenyekiti akajikuna kidevu. Hakuwa mtu mbaya yule, na niliona wazi anatafuta mlango wa kutokea. Akanigeukia.

"Kijana wetu, wewe ndiye fundi. Picha haina rangi hii. Nyeupe hii ni nyeupe kweli?"

Ningesema ndiyo. Ningesema sijui. Hata kukohoa kungetosha. Lakini hakuna mtu wa kwetu aliyewahi kuniuliza kazi yangu inafanywaje. Kwao nilikuwa kijana aliyekimbia jembe. Sasa kijiji kizima kimetulia, kinaningoja mimi. Nikatoa leso mfukoni, nikafungua kipande changu cha kioo, nikaanza kufundisha. Nikaeleza anga linavyokuwa jeusi, ngozi inavyong'aa, chekundu kinavyogeuka cheupe. Na kama hiyo haitoshi, nikampa mwenyekiti akiweke jichoni, atazame mwenyewe.

"Tazama ile kanga ya dada," nilisema. Mimi nilisema, kwa mdomo wangu huu.

Akatazama, akashusha mkono. Aliyekuwa karibu naye akakiomba kioo, akakipokea mwingine, kikapita mkono hadi mkono, kila mmoja akifumba jicho moja na kumtazama dada yangu. Yeye alisimama pale pale akaacha atazamwe. Wahenga walisema mdomo uliponza kichwa. Wangu uliponza cha mtu mwingine.

Jina lilikatwa siku ile ile. Mimi nilipeleka unga mara mbili, kidogo nilichobahatisha, maana hata mjini tulipanga foleni. Haukutosha. Kabla ya mavuno dada aliwagawa watoto kwa ndugu, wa kati akapelekwa Manyoni, na yule hakurudi tena kukaa na mama yake. Alikulia kwa watu, akaoa huko huko, na mimi anapokutana nami hunipa shikamoo ya haraka na kuondoka.

Lakini mchana ule, watu walipotawanyika, dada aliniambia twende nyumbani nikale. Nilimfuata nyuma kama mtu anayepelekwa kituo cha polisi. Alisonga ugali wa unga ule ule wa njano, wa mwisho aliokuwa nao, akaniwekea mimi kwanza, kama alivyofanya tangu nikiwa mtoto. Watoto walikuwa wamekaa wanatutazama. Hakunigombeza. Nilitamani anigombeze, anirushie hata mwiko.

Alinawa mikono, akakaa, akaniuliza jambo moja tu.

"Siku ile unapiga picha, ulijua ni mimi?"

Mbele ya kijiji kizima ukweli ulinitoka kwa kuulizwa mara moja. Mbele yake peke yake ulinikwama.

"Hapana, dada," nikamwambia. "Nilikuwa natazama jengo."

"Basi, sawa," alisema, akanisogezea bakuli la mboga. "Kula, kinapoa."

Nikala.